Uje Kesho Asubuhi, Mheshimiwa

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wetu hapa Tanga. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale mliponikatiza kwa makofi, na pale mliponikatiza kwa kelele.)

Haki!

(Sawa kwa wote!)

Haki!

(Sawa kwa wote!)

Nimepewa robo saa na mada iliyoandikwa "Usawa mbele ya sheria". Mada hiyo ni pana kama bahari ya Raskazone, nikiingia nayo yote nitazama. Kwa hiyo naomba niipunguze. Leo nitazungumzia saa moja tu, saa ya kwanza baada ya ajali.

Wengi hapa mnamjua kaka yangu, yule wa bodaboda. Mwaka juzi, usiku wa saa tano na ushei, alikuwa anarudi kijiweni baada ya kumshusha abiria Kange. Gari likatoka upande wake, likaja upande wa kaka. Pikipiki ikaenda mtaroni, mguu ukavunjika mara mbili. Aliyekuwa anaendesha lile gari ni mheshimiwa mwenyewe, hakuwa na dereva. Cheo chake sikitaji, chama chake sikitaji, kituo tulichokwenda sikitaji. Mkitaka kujua mnifuate baadaye, na sitawaambia.

Wenzake wa kijiweni waliofika wa kwanza wanasema mheshimiwa alikuwa ananuka bia na alishindwa hata kufungua mlango wa gari lake. Mimi sikuwepo. Na hata wao, mbele ya hakimu, wangeulizwa: wewe ni mtaalamu wa pombe? Ulimpima? Basi wangekaa kimya.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kaka amelazwa kwenye benchi, mguu unaning'inia, tunasubiri PF3 ili apelekwe hospitali. Kikaletwa kipima ulevi. Akapewa nani? Akapewa kaka! "Puliza, kijana." Akapuliza, ikasoma sifuri. Mtu mwenyewe hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Mheshimiwa alikuwa ndani, kwenye kiti, amepewa maji ya chupa. Baada ya robo saa akatoka, na nilimsikia kwa masikio yangu askari anamwambia kwa sauti ya upole: "Mheshimiwa, nenda kapumzike, uje kesho asubuhi tuandike maelezo."

Akaja kesho yake saa nne. Amenyoa, ananukia vizuri, amekuja na wakili. Gari lake halikulala pale hata usiku mmoja. Tanga yetu tunaisifu kwa waja leo waondoka leo, basi gari lile lilikuwa la Tanga kwelikweli. Pikipiki ya kaka ilikaa kituoni wiki tatu.

Mnacheka, lakini hapo ndipo nilipoanza kuisoma Sheria ya Usalama Barabarani kama mtu mwenye deni nayo. Ni sheria ya mwaka 1973, Sura ya 168. Inasema ni kosa kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari, na inaweka kipimo: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ukizidi hapo, una kosa, uwe unapepesuka au unatembea wima kama mlingoti. Inampa askari mamlaka ya kukutaka upulize. Haisemi "isipokuwa mbunge". Haisemi "isipokuwa mkuu wa wilaya". Nimeisoma mara tatu nikitafuta neno "mheshimiwa", halimo.

Na Katiba? Mbunge ana kinga, ndiyo, Ibara ya 100, kwa yale anayoyasema bungeni. Anayoyasema, siyo anayoyaendesha. Rais ana kinga ya mashtaka ya jinai akiwa madarakani, Ibara ya 46. Wengine wote tuko kwenye Ibara ya 13: watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kwa hiyo kwenye karatasi, kaka yangu na mheshimiwa yule walikuwa sawa. Walitofautiana kwenye saa tu.

Hapa naomba utulivu kidogo, kwa sababu ndipo ninapotaka mnielewe. Pombe haikai mwilini ikisubiri wakili. Kwa wastani, mwili unaondoa miligramu 15 hivi kila saa kwa kila mililita 100 za damu. Mtu aliyegonga saa tano usiku akiwa na 110, hilo ni kosa tena kosa kubwa. Mpime saa nane usiku, yuko kwenye 65, yaani chini ya kiwango. Mpime saa nne asubuhi, ni mtu safi, ungedhani alikuwa anakunywa madafu. Hakuhonga mtu. Hakumpigia simu waziri. Hakuvunja karatasi yoyote. Kapewa tu usingizi. Hiyo "kapumzike" ya yule askari ndiyo hukumu ya kuachiwa huru, imetolewa usiku, bila jaji, bila mashahidi, na bila rufaa.

Ndiyo maana nasema, tusishughulike tu na ufisadi wa bahasha. Kuna ufisadi wa heshima, na huo hauna risiti.

Twende kwenye jambo lililoandikwa kwenye magazeti, lisiwe la kaka yangu tu. Machi 2009, usiku, barabara ya Haile Selassie, Oysterbay, Dar es Salaam. Gari aina ya Hilux iliyokuwa ikiendeshwa na Andrew Chenge iligonga bajaji, wanawake wawili wakafa. Chenge wakati ule ni mbunge wa Bariadi Magharibi. Kabla ya hapo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa miaka mingi hadi 2005, kisha waziri wa miundombinu, yaani barabara zilikuwa chini yake, mpaka Aprili 2008 alipojiuzulu kwa ile habari ya zaidi ya dola milioni moja kisiwani Jersey, fedha alizoziita vijisenti. Mnalikumbuka neno hilo, na wadogo zetu walilikuta mitaani.

Nataka niwe mkweli, kwa sababu mimi najifunza kuwa wakili na uongo wa wakili mchanga hunuka mapema. Chenge hakushtakiwa kwa ulevi. Sisemi alikuwa amelewa, na yeyote hapa atakayenukuu kwamba nimesema hivyo atakuwa amenizushia. Alishtakiwa kwa uendeshaji wa hatari uliosababisha vifo. Na serikali ilimfikisha mahakamani, hilo nalo tuliseme. Mwaka 2010 mahakama ya Kinondoni ikamtia hatiani, ikamhukumu kwenda jela miaka mitatu au kulipa faini ya shilingi 700,000. Akalipa, akaenda nyumbani.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Miaka mitatu ni siku 1,095. Laki saba ukiigawa kwa siku hizo unapata kama shilingi 640. Yaani siku moja ya uhuru wa mheshimiwa iliuzwa kwa bei isiyofika chai na chapati mbili pale Ngamiani. Au igawe kwa marehemu: laki tatu na nusu kwa kila mama.

Hakimu simlaumu. "Au" ile haikutoka mfukoni mwake, aliikuta kwenye sheria. Lakini iangalieni vizuri hiyo "au". Kwa kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, laki saba taslimu, leo leo, mahakamani, haipo. Kwake hukumu ile ina nusu moja tu: miaka mitatu. Sentensi moja, maneno yaleyale, mmoja anasikia faini na mwingine anasikia gereza la Maweni. Katiba hiyohiyo, Ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zitende haki bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, na inazungumzia pia fidia kwa aliyeumizwa. Sasa niambieni, faini ya bei moja inajali au haijali hali ya mtu kiuchumi?

Finland walilikalia jambo hili zamani. Kule faini ya makosa ya namna hii inahesabiwa kwa siku za kipato chako. Mkubwa mmoja wa kampuni ya simu ya Nokia, Anssi Vanjoki, alikamatwa na pikipiki anakwenda kilomita 75 mahali pa 50. Mwaka 2002 akaandikiwa yuro 116,000. Kwa mwendo tu, hakumgusa hata kuku! Baadaye ikapunguzwa, lakini mmeona wazo lenyewe: imuume tajiri kama inavyomuuma maskini. Sisi, tuwe wa haki, mwaka 2021 serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Maana yake wanajua kwamba bei moja si haki moja. Wamelijua huku chini. Kule juu hawajapanda nalo.

Na mtauliza, Chenge aliyetiwa hatiani ikawaje? Akaendelea na ubunge. Mwaka 2014 ndiye aliyeongoza Kamati ya Uandishi ya Bunge Maalum la Katiba, ile iliyoshika kalamu ya Katiba Inayopendekezwa. Hakuna sheria aliyoivunja kwa kufanya hivyo. Ibara ya 67 inamzuia kugombea ubunge mtu aliyefungwa zaidi ya miezi sita kwa kosa linaloambatana na utovu wa uaminifu. Kuua kwa gari hakumo. Nadhani mngependa niseme limo, lakini halimo.

Linganisheni na New Zealand, Julai 2023. Waziri wa Sheria, Kiri Allan, aligonga gari lililoegeshwa, usiku. Hakuna aliyekufa. Polisi wakamchukua usiku uleule, wakampima pumzi usiku uleule, akakutwa amezidi kiwango, akakaa kituoni saa kadhaa, akafunguliwa shitaka la uendeshaji wa uzembe. Kesho yake si waziri tena. Mimi kilichonigusa siyo kujiuzulu, maana mtu anaweza kujiuzulu na akarudi. Ni lile neno "usiku uleule".

Sasa nije kwetu, na hapa ndipo mlipoanza kupiga kelele, nawakumbusha.

Siku ya siku, mheshimiwa wa kwetu atatoka kwenye harusi Pangani, ameshiba na amekunywa, atashika usukani. Msiniambie hana. Atagonga mtu Kigombe au Tongoni. Simu ya kwanza atampigia nani? Atampigia mwenyekiti wa vijana. Na sisi tutakwenda kituoni kwa pikipiki kumi na bendera, tutapiga kelele kwamba anaonewa kwa sababu ni mpinzani. Tutasema hilo kabla hatujauliza aliyegongwa amepelekwa hospitali gani. Dada mmoja pale nyuma amesema, "Lakini sisi kweli tunaonewa." Kweli dada yangu, tunaonewa, na yapo makosa tunayobambikiwa. Ndiyo maana kipimo cha saa ya kwanza kinatusaidia sisi kuliko yeyote. Kama hajanywa, karatasi yenye sifuri na saa iliyoandikwa juu yake itamlinda kuliko bendera zetu zote. Kama amekunywa, basi alikunywa. Kile "sawa kwa wote" tunachokiitikia hapa kwa mikono juu, "wote" hao ni pamoja na yeye.

Ninachoomba tukidai kwa maandishi ni kidogo. Kila ajali yenye majeruhi, madereva wote wapimwe palepale, na saa ya kupimwa iandikwe kwenye jalada. Asiyepimwa, askari aandike kwa nini hakupimwa na asaini jina lake. Hilo halihitaji Katiba mpya. Linahitaji kipima ulevi chenye betri, na askari anayejua kwamba kesho kutwa kuna mtu atalisoma jalada. Ile "au" ya faini kwa aliyeua, hiyo inahitaji Bunge, na ni kazi ya wabunge wetu kuipeleka. Nitawaandikia rasimu bure, mimi na wenzangu wa mwaka wa tatu.

Na wakati tunasubiri, tuna simu mikononi. Usiku ule wa kaka, vijana wa kijiweni walipiga picha nyingi za damu na za pikipiki. Hakuna aliyeandika saa. Hakuna aliyemwambia askari mbele ya watu, kwa adabu, "Afande, na huyu naye tunaomba apimwe." Hakuna aliyeondoka na namba ya RB. Mimi mwenyewe nilikuwa pale kituoni, mwanafunzi wa sheria, nimeshika viatu vya kaka, na sikusema. Nilimwona mheshimiwa anatoka nikampisha njia. Nikamwambia shikamoo.

Kaka anatembea sasa, anachechemea kidogo mvua ikikaribia. Kesi imefungwa, imeandikwa aligonga upande usio wake.

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa kijiweni Kange na wenzangu wawili. Tutafundishana mambo matatu tu: kuandika saa, kuomba kipimo, kuchukua RB. Njooni na daftari, na yule anayesema atakuja aje kweli.

Haki!

(Sawa kwa wote!)