Mkanda Mwembamba, Bahari Yenye Chumvi

Msikilizaji, baada ya habari tutazame kitu kidogo: ule mkanda wa chuma unaobana mpira wa mafuta kwenye mashine ya boti. Ukikatika nje ya mwamba wa Kiunga, pwani ya Kenya, mvuvi hana fundi wa kumwita. Je, mkanda wa chuma kisichoshika kutu unastahili bei yake? Nasema ndiyo, na ushahidi unatoka mbali. Roketi ya Atlas, iliyompeleka mwanaanga wa Marekani John Glenn kuizunguka dunia Februari 1962, ilikuwa na matangi ya chuma hicho, membamba hata yakawa hayasimami bila kujazwa gesi. Chuma hicho kikikandamizwa kati ya roli bila kupashwa moto huongezeka nguvu, na kromiamu iliyomo, isiyopungua asilimia 10.5, hukivika ngozi inayozuia kutu.

Sasa tugeukie upande wa pili. Wapo watakaouliza: mbona nacho huota kutu? Kweli. Maji ya chumvi yakijificha chini ya mkanda, pasipofika hewa, ngozi ile hutoboka. Aina ya chuma hicho yenye metali ya molibdeni huvumilia zaidi, na bei yake hupanda vilevile. Na sumaku, kile kipimo chetu cha dukani, hudanganya, maana kule kukandamizwa kati ya roli kwaweza kukifanya hata chuma kizuri kivutwe nayo. Shida kubwa naiona hapo: mnunuzi atajuaje? Na ni nani atakayemhakikishia mvuvi wa Kiunga kwamba alicholipia ndicho alichopewa?