Na Sisi Tulikwenda Momella

(Maneno haya yalitolewa na mwanakikundi anayetumia kiti cha magurudumu, katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili, Arusha.)



Nimeombwa nieleze safari yetu ya mapumziko katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Najua wapo waliokunja uso waliposikia neno hilo, mapumziko. Tulipopeleka ombi letu, mzee mmoja wa kamati, mtu mwema kabisa, alituuliza: "Wanangu, hela hiyo si bora mnunue tairi za viti vyenu?" Swali lake ni la haki na ndilo nitakalolijibu leo.

Mimi nilipata polio nikiwa na miaka mitatu. Nimezaliwa na kukulia kwenye miteremko ya Meru. Mlima ule, mita 4,566, nimeuona kila asubuhi niliyofungua dirisha. Hifadhi iko pale tangu mwaka 1960, ilipoitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa, ikapata jina la Arusha. Kutoka Mnara wa Saa hadi getini haizidi mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Watu wanapanda ndege kutoka Ujerumani na Marekani kuja kuiona. Mimi nilifikisha miaka arobaini na moja sijaingia. Vijana wa parokia yetu wamekwenda mara kadhaa, na kila mara sisi tuliambiwa tubaki "kwa usalama wetu". Hakuna aliyetuuliza.

Basi tulikwenda tisa: watatu wenye viti, mmoja asiyeona, wasaidizi wanne, na dereva. Kiingilio hakikutushinda, maana Mtanzania hulipa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Kilichotusumbua ni gari. Rafiki yetu alijitolea gari la utalii, zuri, refu, lakini sakafu yake inafika kifuani mwa mtu aliyesimama. Kumpandisha mtu mzima pale mara sita kwa siku ni kuumiza migongo ya wasaidizi na kumdhalilisha anayebebwa. Tukashukuru, tukakodi Hiace yenye mlango wa kuvuta pembeni, tukatoa siti moja nyuma ili viti vikae. Ilikuwa kiangazi, njia zimekauka, ikapita bila shida.

Niwaeleze na kubeba, maana wengi mnabeba vibaya kwa upendo mwingi. Usimvute mtu kwa mikono. Funga breki za kiti kwanza. Mmoja anasimama nyuma, anapitisha mikono chini ya makwapa na kushika mikono ya anayebebwa iliyokunjwa kifuani. Wa pili anashika chini ya magoti. Anayehesabu moja, mbili, tatu ni yule anayebebwa. Kiti chenyewe usikinyanyue kwa kushika pahali pa kuwekea miguu, panachomoka. Na kwenye vumbi lile la volkano magurudumu madogo ya mbele yanazama, kwa hiyo kiti kinainamishwa nyuma na kuvutwa kinyumenyume. Wanaotumia viti vya magurudumu matatu, vyenye gurudumu la mbele lililokaa mbali na miguu, wanapata nafuu kubwa kwenye njia za namna hiyo.

Jambo la pili ni choo. Tuliseme wazi, tumekua. Mwenzetu mmoja, aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki, alikuwa hajanywa hata funda la maji tangu jioni ya jana yake. Nilipomuuliza akasema, "Dada, nikinywa nitahitaji kubebwa chooni." Ndivyo wengi wetu tunavyosafiri, hata tukija ibadani. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo kuzuia maji ni hatari, kibofu na figo vinaharibika. Kwa bahati tulikuwa na kiti cha plastiki tulichokitoboa katikati, ndoo yenye mfuniko, na vitenge viwili vya kufunga pazia. Vyote hivyo ni vitu vya nyumbani. Akanywa. Na kwa sababu hasikii maumivu sehemu za chini, alikalia mto wake mwenyewe garini, na kila nusu saa tulimsaidia kuinuka kidogo ili kidonda kisianze. Kidonda cha kukalia kinaanza kwa saa chache na kupona kwake huchukua miezi.

Baada ya Usa River tuliiacha barabara ya Moshi, tukapinda kushoto, tukaingia kwa geti la Ngongongare. Muda si mrefu tukafika uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo. Twiga walikuwa karibu hata nikaona kope zao. Kwenye msitu wa Ngurdoto dereva alizima gari, tukawasikia mbega juu ya miti kabla ya kuwaona, weusi wenye mikia myeupe kama shuka iliyoanikwa. Mwenzetu asiyeona ndiye aliyewagundua wa kwanza. Kreta ya Ngurdoto hairuhusiwi kushukwa na mtu yeyote; wote huitazama kutoka ukingoni. Pale, kwa mara moja, mwenye miguu na asiye na miguu tulifanana.

Kisha maziwa ya Momella. Kiasi cha miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, na kifusi chake ndicho kilichotengeneza mabonde yaliyoshika maji haya. Ni ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake. Heroe, wale tunaowaita flamingo, walikuwa wengi upande wa mbali, utepe wa waridi. Tulitoa viti, tukakaa ufukoni na chapati zetu. Hakuna aliyetusukuma twende. Mwenzetu wa pikipiki alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniambia kuwa tangu ajali, miaka minne, kila alipotoka nyumbani alikuwa anakwenda hospitali.

Ndugu zangu, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 30 inataja mapumziko, michezo na utalii, sambamba na zile za afya na elimu zilizotangulia. Mwaka 2010 tukapata sheria yetu wenyewe ya watu wenye ulemavu. Lakini bajeti nyingi ninazoziona zinatujua kwa tiba na vifaa tu. Magazeti nayo yanapenda mashujaa, kama Bernard Goosen wa Afrika Kusini aliyefika kilele cha Kilimanjaro kwa kiti cha magurudumu mwaka 2003 na tena 2007. Nampongeza kwa moyo wote. Mimi sitaki kilele. Nataka kuona twiga na kurudi nyumbani jioni kama watu wengine.

Kwa hiyo, mzee wangu, tairi tunazihitaji, na ombi lake liko ukurasa wa pili. Ila tairi hizo ziwe na mahali pa kwenda.

Safari ya vijana ijayo ni kiangazi, baada ya mvua za masika. Tunaomba kila parokia ilete orodha ya watu wake wenye ulemavu baada ya kuwauliza wenyewe kama wanataka kwenda na wanahitaji nini. Mwenye Hiace amekubali. Kiti cha plastiki na ndoo vipo kwangu. Wabebaji tumepata watano, tunahitaji wanane, na mazoezi ya kubeba yatafanyika ukumbini Jumamosi mbili kabla ya safari. Wanaotaka kujiandikisha wanione hapa mbele wakati wa chai.