Nani Anauliza? Multikasti Ndani ya Swichi



Tuseme mhadhara huu unarushwa kwa video katika kumbi zote za chuo, megabiti 8 kwa sekunde, na watazamaji ni 200. Seva ikimpelekea kila mmoja nakala yake, inahitaji megabiti 1,600. Kebo ya gigabiti 1 imeshazidiwa kabla sijamaliza kuwasalimu. Kwa multikasti, seva inatoa mkondo mmoja tu wa megabiti 8, na mtandao wenyewe ndio unaogawa nakala pale njia zinapoachana. Steve Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford aliuweka utaratibu huu katika waraka wa RFC 1112 wa mwaka 1989, na mpaka leo nauona kuwa miongoni mwa mawazo mazuri kabisa ya fani yetu. Mtumaji hana haja ya kuwajua wapokeaji. Anatuma kwenye anwani ya kundi, kati ya 224.0.0.0 na 239.255.255.255, anayetaka anajiunga, aliyetosheka anaondoka.

Shida inaanzia kwenye swichi. Swichi hujua nani yuko poti gani kwa kutazama anwani ya mtumaji katika kila fremu, na anwani ya kundi kamwe haitokei kama mtumaji. Basi isipoelekezwa, inaumwaga mkondo kwenye poti zote. Chaneli 20 za namna hiyo ni megabiti 160, na printa ya uhasibu yenye poti ya megabiti 100 inazama katika video ambayo haikuiomba.

Dawa ni swichi kusikiliza ujumbe wa IGMP, ambao kompyuta huutumia kuiarifu ruta kwamba zinataka kundi fulani, kisha kuupeleka mkondo kwenye poti zilizoomba tu. Swichi nyingi za ofisini zina uwezo huo, na mafundi huuwasha wakaondoka. Hapa naomba tukae kidogo.

Kompyuta ikishajiunga hunyamaza mpaka iulizwe. Anayeuliza kwa kawaida ni ruta, kila baada ya sekunde 125. Katika mtandao wa kamera usio na ruta ya multikasti, hakuna anayeuliza. Picha inatokea vizuri, fundi anakusanya vifaa vyake, na baada ya sekunde 260 hivi swichi ambayo haijasikia jibu lolote inafuta uanachama, skrini zinakuwa nyeusi. Anayekuja kukagua anaizima skrini na kuiwasha. Inajiunga upya, picha inarudi, naye anaandika kwamba skrini ni mbovu. Vifaa vizima hubadilishwa hivi hivi, na fedha za umma huteketea! Kilichotakiwa ni kuiagiza swichi moja iwe muulizaji, na nyingine ikae tayari kushika zamu: zikiwa mbili, yenye anwani ndogo ya IP ndiyo inayouliza.

Kuna pia uchaguzi wa anwani. Anwani ya kundi ina biti 28 za kutofautisha, lakini kwenye Etheneti zimetengwa biti 23 tu, kwa hiyo makundi 32 huangukia anwani moja. 239.1.1.1 na 239.129.1.1 zote huwa 01:00:5e:01:01:01, na swichi inayogawa kwa anwani ya Etheneti haiwezi kuyatenganisha. Msichague 239.0.0.5, kwa mfano: inagongana na 224.0.0.5 ya itifaki ya OSPF, na mfululizo huo wa 224.0.0 swichi hupaswa kuusambaza kwenye kila poti.

Wapo wanaoona nafuu kuzuia multikasti yote. Nawasihi waikumbuke IPv6, ambayo haina brodkasti kabisa. Kompyuta humtafuta jirani yake kwa multikasti. Ukiifunga, mashine mbili za meza moja hazionani. Huko ujumbe ni wa MLD badala ya IGMP, na muulizaji anahitajika vilevile. Kwa hiyo mkiweka wa IGMP, wekeni na wa MLD siku hiyohiyo.