Kupungua Uzito na Marekebisho ya Dozi ya Levothairoksini kwa Wenye Upungufu wa Homoni ya Thairoidi

Mada hii inahusu swali ambalo wagonjwa wenye upungufu wa homoni ya thairoidi huliuliza wanapofanikiwa kupunguza uzito, yaani kama dozi waliyopangiwa walipokuwa wanene bado inawafaa. Jibu linalotolewa kwa wepesi, pengine hata ndani ya chumba cha daktari, ni kwamba kilo zikipungua na dozi ipunguzwe kwa uwiano uleule. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uzito husaidia kukadiria dozi mwanzoni mwa matibabu lakini hauna mamlaka ya kuiamua baadaye, kwa hiyo kupungua kwake ni sababu ya kupima damu na si sababu ya kukata kidonge.

Tezi ya thairoidi, ambayo watu wengi huitambua pale tu inapovimba na kuwa rovu, hukaa sehemu ya mbele ya shingo na hutumia madini joto, yaani iodini, kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili katika kutumia nishati. Homoni hizo ni mbili: thairoksini, inayofupishwa T4 kwa kuwa imebeba atomu nne za iodini, na nyingine yenye atomu tatu inayoitwa T3. Sehemu kubwa ya kinachotoka kwenye tezi ni T4, ambayo ni kama akiba, kisha ini, figo, misuli na viungo vingine huiondolea atomu moja na kuifanya T3, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kutenda kazi ndani ya seli. Levothairoksini, dawa inayozungumziwa katika mada hii, ni T4 inayotengenezwa kiwandani, nayo haitofautiani na ile ya mwilini. Mtaalamu wa kemia Edward Kendall aliitenga thairoksini kwa mara ya kwanza mwaka 1914 huko Rochester, Minnesota, nchini Marekani, na kabla ya hapo wagonjwa walitibiwa kwa dondoo la tezi za kondoo. Wanaoihitaji dawa hii ni wale ambao tezi yao imeshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, pamoja na wale waliotolewa tezi kwa upasuaji au waliotibiwa kwa iodini yenye mionzi.

Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa hukadiriwa kuhitaji takriban mikrogramu 1.6 za levothairoksini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa hesabu hiyo mwenye kilo 95 angehitaji mikrogramu 152, na akishuka hadi kilo 75 angehitaji 120, tofauti ya mikrogramu 32, ambayo si ndogo kwa dawa inayorekebishwa kwa hatua za mikrogramu 12.5 au 25. Hesabu hiyo inavutia kwa urahisi wake, lakini inachukulia kwamba kilo moja ya mafuta hutumia homoni sawa na kilo moja ya misuli, jambo ambalo si kweli. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2005 kwamba kinachoeleza mahitaji ya dawa kwa usahihi zaidi ni uzito wa mwili usiohesabu mafuta, yaani misuli pamoja na viungo kama ini na figo, ambamo T4 hugeuzwa na kutumika kwa wingi. Kwa hiyo mgonjwa aliyepoteza kilo 20 ambazo nyingi ni za mafuta, huku akifanya mazoezi na kula protini ya kutosha, huenda akahitaji punguzo dogo sana la dozi au asihitaji lolote, ilhali aliyepoteza kilo hizohizo kwa kujinyima chakula na kulala kitandani, misuli ikaisha pamoja na mafuta, anaweza kuhitaji punguzo kubwa zaidi. Mizani huwaonyesha wote wawili namba ileile.

Zaidi ya hapo, wagonjwa wengi wanaotumia dawa hii bado wana sehemu ya tezi inayofanya kazi, na hesabu ya kilo haiwezi kujua sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani. Daktari katika kupanga dozi ni kama fundi cherehani anayekata kitambaa kwa vipimo vya awali, kisha huirekebisha nguo baada ya mteja kuivaa, na kipimo cha kuivaa katika ugonjwa huu ni TSH.

TSH ni homoni inayotolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ili kuihimiza thairoidi ifanye kazi: T4 ikipungua katika damu TSH hupanda, na T4 ikizidi TSH hushuka. Uhusiano huo haulingani moja kwa moja, kwani T4 ikibadilika mara mbili tu TSH inaweza kubadilika kwa kiasi cha mara mia. Ndiyo maana mtu ambaye dozi imemzidi kidogo anaweza kuonekana mzima, T4 yake ikiwa ndani ya kiwango cha kawaida, huku TSH ikiwa imekwisha kushuka chini ya 0.4 mIU/L, ambacho katika maabara nyingi ni kikomo cha chini cha kawaida, kile cha juu kikiwa karibu na 4.0. Katika suala hili TSH husema ukweli mapema kuliko mwili unavyosema kwa dalili, na mapema zaidi kuliko mizani.

Ukweli huo hata hivyo huhitaji muda. Levothairoksini hukaa mwilini kwa muda mrefu, kiasi chake katika damu kikipungua kwa nusu baada ya takriban siku 7, kwa hiyo dozi ikibadilishwa leo damu haitatulia katika kiwango kipya hadi zipite wiki 5 au zaidi, na ndiyo sababu TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Anayepima baada ya wiki 2 na kubadilisha dozi upya hufukuza kivuli. Tatizo jingine ni kupima katikati ya kujinyima chakula kwa ukali, kwa kuwa mwili unaokosa chakula hupunguza kwa makusudi ugeuzaji wa T4 kuwa T3 ili kutunza nishati, na TSH nayo inaweza kushuka kidogo bila dozi kuwa na kosa. Vilevile inafaa damu itolewe kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, kwa maana T4 hupanda kwa saa kadhaa baada ya kidonge kumezwa. Majibu yanayoonyesha TSH iliyo juu pamoja na T4 iliyo juu mara nyingi ni ya mgonjwa aliyeacha dawa kwa wiki nyingi kisha akaimeza kwa bidii siku chache kabla ya kliniki.

Madaktari wengi hulichukua badiliko la karibu asilimia 10 ya uzito kuwa kiwango cha kudai kipimo kipya. Kigezo hicho kinafaa, lakini kinaacha swali lenye uzito kuliko kilo zenyewe, nalo ni kwa nini mgonjwa amepungua.

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni dozi yenyewe. Anayemeza homoni kupita mahitaji hukonda, moyo humwenda mbio, hutoka jasho, hukosa usingizi na mikono humtetemeka, na kwa kuwa katika jamii zetu kukonda kwa mtu aliyekuwa mnene hupokewa kwa pongezi, hatari hiyo hufichwa na sifa anazopewa. Dozi inayozidi kwa muda mrefu huleta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hasa kwa wazee, na hudhoofisha mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Marekani hulazimisha dawa hii iuzwe ikiwa na onyo kali kwamba isitumiwe kutibu unene, na onyo hilo linawahusu pia wanaoagiza au kuuziana vidonge hivi kwa nia ya kupunguza tumbo.

Upo pia mkondo wa kinyume, ambamo unene ndio uliotangulia. Unene wa kupindukia peke yake unaweza kuipandisha TSH kidogo bila tezi kuwa na ugonjwa, na wapo walioanzishiwa levothairoksini kwa sababu ya TSH iliyovuka kikomo kwa kiasi kidogo tu. Wagonjwa wa namna hiyo wakipungua uzito TSH hurudi yenyewe, na hapo swali la haki si kupunguza dozi kwa mikrogramu ngapi bali kama dawa ilihitajika tangu mwanzo, swali linaloweza kujibiwa kwa kuipunguza hatua kwa hatua chini ya uangalizi na kwa kupima kingamwili zinazoishambulia tezi.

Upasuaji wa kupunguza tumbo hauna jibu moja. Wengi waliofanyiwa huhitaji dozi ndogo kuliko awali kwa kuwa mwili umepungua, lakini kidonge huhitaji asidi ya tumbo ili kiyeyuke na utumbo mwembamba ili kifyonzwe, na pale sehemu za njia hiyo zinapoondolewa au kurukwa baadhi ya wagonjwa huhitaji dozi kubwa zaidi ingawa wamekonda. Dawa za kupunguza uzito zenye semaglutidi nazo huchelewesha chakula kutoka tumboni, na vidonge vyake vimeonekana kuongeza kiasi cha thairoksini kinachoingia katika damu kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo anayezitumia huwa na sababu mbili za TSH kushuka kwa wakati mmoja.

Kwa Afrika Mashariki tahadhari kubwa inahusu kifua kikuu. Mgonjwa aliyepoteza kilo 10 kwa kifua kikuu na kuanzishiwa matibabu humeza rifampisini, dawa inayolichochea ini kuvunjavunja levothairoksini kwa kasi, kwa hiyo mahitaji yake ya homoni yanaweza kupanda wakati ambapo uzito umeshuka. Daktari akimpunguzia dozi kwa hesabu ya kilo atakuwa amemsukuma kwenye upungufu mkubwa, na uchovu utakaofuata utahesabiwa kuwa ni wa kifua kikuu. Kisukari kisichotibiwa na maambukizi ya VVU navyo hukondesha, na havistahili kufunikwa na dhana kwamba thairoidi ndiyo inayoeleza kila badiliko la mwili.

Mazoea mapya ya anayepunguza uzito huathiri dawa kwa njia isiyo na uhusiano na kilo. Anayebadili mlo huongeza maziwa ya soya, vyakula vyenye nyuzi nyingi, kahawa kabla ya kifungua kinywa, au vidonge vya chuma na kalsiamu, na vyote hivyo huzuia sehemu ya levothairoksini kufyonzwa. Kidonge humezwa kwa maji matupu nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na chuma au kalsiamu hutengwa nacho kwa saa 4. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga anaweza kukimeza kabla ya kulala iwapo yamepita angalau masaa matatu tangu mlo wa mwisho, au nusu saa kabla ya daku, mradi achague wakati mmoja na kuushika. Joto na unyevunyevu wa miji kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam pia huiharibu dawa hii, na kopo lililoachwa juu ya friji au dirishani linaweza kuonyesha dozi iliyokuwa sahihi kuwa pungufu.

Kipimo kikithibitisha kwamba dozi imezidi, punguzo hufanywa kwa mikrogramu 12.5 hadi 25. Duka la dawa linapokuwa na vidonge vya 50 na 100 tu, kukaa kwa dawa mwilini kwa siku nyingi huwezesha kupishanisha dozi: anayemeza 100 siku moja na 150 siku inayofuata hupata wastani wa 125, na mwili hauoni tofauti. Wapo wasiohusika na utaratibu huu. Mgonjwa aliyetibiwa saratani ya thairoidi huenda TSH yake inashushwa kwa makusudi, na mwenye ugonjwa wa pituitari hupimwa kwa T4 kwa kuwa TSH yake haiaminiki. Mwanamke aliyepungua uzito kisha akashika mimba huhitaji dozi kuongezwa, kwa kawaida kwa asilimia 25 hadi 30, tena mapema.

Wahudumu wa afya wanaombwa kuandika katika kadi ya kila mgonjwa wa thairoidi mambo manne yakiwa pamoja, yaani uzito, dozi, saa ya kumeza kidonge na dawa nyingine anazotumia, na kumtuma maabara kupimwa TSH yeyote aliyepungua sehemu ya kumi ya uzito wake kabla hawajagusa dozi. Mgonjwa naye aendelee kumeza dozi yake ya zamani hadi majibu yatoke, isipokuwa kama moyo unamwenda mbio au kifua kinamuuma, ambapo anapaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo.