Vidole Visivyosomeka

Asubuhi ya leo tungependa kuzungumza juu ya uzee, jambo ambalo sisi tulio katika miaka ya arobaini hupenda kulifikiri kuwa ni la watu wengine, ingawa tayari twasogeza kitabu cha ibada mbali na macho ili tupate kukisoma.

Siku ya uchaguzi mkuu, Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, jirani yetu mmoja, bibi mzee sana, alituomba tumsindikize kituoni. Tukamwambia, "Nyanya, kuna baridi, na foleni ni ndefu. Kaa nyumbani, kura ulizokwisha kupiga zatosha." Tulidhani twamhurumia. Akatutazama, akasema, "Mchungaji, mbona mwanizika ningali hai?"

Basi tukaenda. Vijana walimpisha mbele bila kuombwa. Lakini alipoweka kidole gumba juu ya mashine, mashine haikumtambua. Akajaribu kidole cha pili, na cha tatu. Wakampa kitambaa apanguse. Haikusoma. Jambo hili huwapata wazee wengi waliofanya kazi ya mikono: ngozi hukonda, na ile mistari ya vidole hufutika. Mikono iliyoshika jembe mpaka watoto wakalipiwa karo, sasa ilikuwa kama mikono isiyo na mwenyewe. Tuliona haya, maana sisi nasi asubuhi ile hatukumtambua.

Karani, kijana mpole, akatafuta kwa nambari ya kitambulisho, na jina lake likaonekana. Na kwa kuwa haoni vizuri, sheria humruhusu kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe amsaidie, naye huyo huahidi kutunza siri. Akamchagua mjukuu wake mtu mzima. Hakutuchagua sisi. Labda alijua kwamba wachungaji husema sana.

Tuliporudi nyumbani tulifungua 2 Samweli mlango wa 19, habari za Barzilai Mgileadi. Mzee huyu alikuwa na miaka 80. Alikuwa amemlisha Daudi na watu wake kule Mahanaimu wakati wa fitina ya Absalomu. Mfalme akamwita waende wote Yerusalemu, naye akakataa, maana ulimi haukuonja tena ladha ya chakula, wala masikio hayakusikia vema sauti za waimbaji. Mara nyingi tumehubiri kwamba Barzilai ni mfano wa mzee ajuaye kupumzika. Hatukuwa tumesoma vizuri. Barzilai alishuka kutoka Rogelimu, akavuka Yordani pamoja na mfalme, ndipo akarudi kwake. Mahali pa kuishia alipachagua yeye mwenyewe. Hakuna aliyemwambia akae nyumbani kwa sababu ya baridi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 57, yataka wazee washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Twaweza kuilaumu serikali hapo, na pengine ni haki. Lakini mikutano ya baraza la kanisa letu sisi wenyewe tuliiweka jioni, saa ambayo mzee haioni njia, kisha tukasema wazee hawana hamu.

Siku hizi twakutana mchana, baada ya ibada ya Jumapili. Bibi yule huja na kiti chake, hukaa karibu na dirisha, na mara kwa mara hutupinga.