Kiwanja cha Ndege si Malisho



Tukisikia Wilson, Nairobi, wengi wetu tunafikiria watalii wa kwenda Mara. Ni kweli. Jina lenyewe ni la Bi. Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege mwaka wa 1929. Lakini hapo pia ndipo zinapotoka ndege za AMREF, shirika lililoanzishwa 1957, kwenda kuchukua wagonjwa mahututi.

Sasa niwaulize: ndege hiyo ikija kwetu itatua wapi? Ndege ndogo haidai lami. Inataka ardhi ngumu, iliyo sawa, isiyo na kitu.

Siku moja nilisimama na mgonjwa kando ya kiwanja cha nyasi. Ndege ikazunguka juu mara mbili, ng'ombe wako katikati, watoto wanakimbia kuwafukuza. Ilitua, tukashukuru. Lakini yule mama alikuwa akihesabu pumzi.

Basi, ninyi mnaoishi karibu na kiwanja, elewaneni na chifu. Kateni nyasi, fukieni mashimo, pangeni zamu ya kuzuia mifugo. Jembe na panga mnazo. Mtaanza lini?