KITI CHA PILI: Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kuhusu kriketi na uwanja wetu

TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE. Haya ndiyo niliyozungumza Jumapili mbele ya vijana. Wengi mlizuiwa na mvua, na nasikia maneno yangu yameshatiwa chumvi huko mitaani, kwa hiyo nayatuma kama nilivyoyaandika. Naomba yasomwe mpaka mwisho kabla ya kujibiwa.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati, wazee wetu, mama zangu, vijana,

Naanza na hesabu kwa sababu ndiyo niliyosomea. Novemba 2023 nchi saba za Afrika zilikutana Windhoek, Namibia, kugombea nafasi mbili za Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20. Walikuwapo wenyeji Namibia, Zimbabwe, Uganda, Kenya, Nigeria, Rwanda na sisi Tanzania. Kila timu ilicheza na kila timu, mechi sita sita, ushindi pointi mbili. Hapakuwa na nusu fainali wala fainali. Wawili wa juu wanakwenda, watano wanarudi nyumbani.

Wengi walishagawa viti kabla ya mpira wa kwanza kurushwa: kimoja cha Namibia, kingine cha Zimbabwe. Zimbabwe ni mwanachama kamili wa Baraza la Kriketi la Kimataifa tangu 1992. Uganda haikuwa imewahi kufika Kombe la Dunia kwa jina lake.

Tarehe 26 Novemba wakakutana. Zimbabwe ilipata mikimbio 136 kwa kupoteza wiketi saba. Uganda ikaifikia na kuipita huku mipira mitano ikiwa bado haijarushwa.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo mimi kama mtu wa daftari nilipokaa sana. Kesho yake Zimbabwe iliifunga Rwanda kwa tofauti ya mikimbio 144. Nahodha wao Sikandar Raza akatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Baadaye wakaifunga Kenya kwa tofauti ya mikimbio 110. Ushindi wa namna hiyo una faida yake, kwa sababu timu zikilingana pointi huangaliwa wastani: mikimbio uliyopata kwa kila ova, toa uliyoruhusu kwa kila ova. Na hesabu hiyo haina huruma. Timu ikitolewa yote ndani ya ova 12, inagawanyiwa kwa ova zote 20, kana kwamba ilizitumia. (Wanaosema daftari la tawi lina ukali waje waone hilo.)

Lakini wastani huangaliwa pointi zikilingana tu, na hazikulingana. Tarehe 30 Uganda iliitoa Rwanda yote kwa mikimbio 65 na kushinda kwa wiketi tisa. Namibia pointi 12, Uganda 10, Zimbabwe 8. Mikimbio yote ile ya Zimbabwe ilibaki kwenye safu ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuisoma.

Sisemi Uganda walikwenda huko wakawa mabingwa. Juni 2024 West Indies iliwatoa wote kwa mikimbio 39, na New Zealand kwa 40. Ila kule Guyana waliifunga Papua New Guinea, na mzee wao Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova zake nne akaruhusu mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Miaka 43, ndugu zangu. Mimi nina umri huohuo na ngazi za ofisi ya tawi zinanitoa jasho.

Kwa nini nawaeleza haya? Mwaka huohuo wa 2023 vijana wanaocheza kriketi kwenye uwanja wetu walituandikia barua kuomba mchango wa zulia la kupigia. Barua ilikuja kwangu. Niliandika pembeni yake, kwa kalamu nyekundu, "Haina tija," nikaifungia kwenye faili. Kikao hakikuiona. Hilo ni kosa langu, wala halikuwa la Kamati, na nimewaomba radhi.

Mwaka 2025 mashindano hayo ya kufuzu yalifanyika Harare, safari hii kwa makundi mawili na nusu fainali. Uganda waliishia kwenye kundi. Tanzania ikapita. Nusu fainali tulifungwa na Namibia kwa tofauti ya mikimbio 63. Tungeshinda ile mechi moja, tungekuwa na tiketi ya Kombe la Dunia la 2026 huko India na Sri Lanka. Ninyi mliokuwa mkiniambia kriketi ni mchezo wa watu wa Upanga, mlijua hilo? Mimi nililijua kwa sababu kijana mmoja wa uwanjani alinionyesha kwenye simu yake, bila kunikumbusha barua.

Sasa mfanyabiashara wa malori anataka kupanga uwanja wetu uwe maegesho, laki tatu kwa mwezi. Fedha hiyo si ndogo. Paa la ofisi linavuja na deni la umeme mnalijua. Nitaleta hesabu zote mezani, pamoja na gharama ya kurudisha uwanja ukishakanyagwa na matairi, ambayo mkataba aliotuletea hausemi nani atailipa. Kura yangu mimi ni hapana. Ni kura moja tu.

Kikao ni Jumamosi saa nane mchana, ofisi ya tawi. Mpangaji amealikwa ajieleze. Vijana wa kriketi wasio na kadi hawatapiga kura, lakini watasikilizwa kwanza, kabla yake. Barua yao ya 2023 nitaisoma mwenyewe kwa sauti, pamoja na maandishi yangu mekundu.

Katibu wa Tawi